Mfalme Aliyepelekwa Jikoni



Kuna mtoto mmoja ambaye hanitoki akilini tangu Kwaresima. Tarehe 24 Mei 1487 alivikwa taji la ufalme wa Uingereza huko Dublin, Ireland, ndani ya kanisa kuu la Christ Church. Alikuwa na miaka kama 10 hivi. Tunamjua kwa jina la Lambert Simnel, mtoto wa fundi wa kawaida wa Oxford, na hakuwa mfalme wa kitu chochote.

Aliyemfundisha uongo ule ni padre. Ndiyo, padre, tusizunguke. Richard Symonds alimwona mtoto mwenye sura nzuri, akaona na nafasi, akamfundisha kutembea, kula na kuongea kama watoto wa ikulu. Wakamtangaza kuwa ndiye Edward wa Warwick, ambaye baba yake alikuwa ndugu wa wafalme wawili. Edward mwenyewe alikuwa kafungwa kwenye Mnara wa London! Mfalme Henry wa Saba akamtoa, akampitisha mjini watu wamwone. Waliotaka kuamini wakaendelea kuamini tu. Si unajua tulivyo.

Inasimuliwa kwamba taji lenyewe halikuwepo, wakachukua la sanamu ya Bikira Maria wakamvika. Hapo huwa nanyamaza kidogo. Taji la yule aliyejiita mtumishi wa Bwana, juu ya kichwa cha mtoto anayedanganya.

Sasa, ana dhambi? Kanisa linatufundisha kuwa uongo ni kusema kisicho kweli kwa nia ya kudanganya. Mtoto wa miaka 10, anafundishwa na padre, wazee wanampigia magoti: nia yake iko wapi? Labda hata yeye alishaanza kuamini. Mimi nasema mzigo ni wa wakubwa. Ila nikisema hivyo nasikia raha kupita kiasi, na najua ni kwa nini.

Mwaka wa kwanza chuoni wenzangu waliona viatu alivyonipa mjomba, wakaanza kuniita mtoto wa kishua. Sikusema kitu. Nilicheka tu, taji likakaa. Muhula wa pili mama akaja na basi, kaniletea unga na dagaa. Mmoja akauliza, huyu mama ni nani? Nikajibu, jirani yetu wa nyumbani. Mama alisikia. Akaendelea kufungua mfuko. Na mimi sikuwa na miaka 10.

Tarehe 16 Juni 1487 jeshi la Lambert lilipigwa huko Stoke. Henry angeweza kumnyonga. Badala yake alimpeleka jikoni kwake, akawa anageuza nyama kwenye moto, na baadaye akapandishwa kuwa mtunza mwewe wa kuwindia. Symonds alifungwa. Edward wa kweli, aliyewekwa kifungoni tangu mtoto na ambaye kosa lake kubwa lilikuwa ukoo wake, alikatwa kichwa mwaka 1499. Wa uongo akapona, wa kweli akafa. Hapo sina jibu, na sitaki kulilazimisha.

Huruma ya Henry nayo nadhani ilikuwa na hesabu zake. Mfalme wa uongo akishika mishikaki ya nyama, nani atamfuata tena? Lakini nikimfikiria mtoto mwenyewe, naona ametuliwa kitu kizito. Kule jikoni hakuna tena wa kumwita Edward.

Niliungama Jumamosi kabla ya Matawi. Padre hakunihubiria. Aliuliza tu, "Mama yako umeshamwambia?" Nikasema bado. Malipizi yakawa hayo.

Nikampigia jioni ile ile. Nililia, maneno hayakupangika. Mama akanyamaza muda, kisha akaniuliza kama unga umeisha.