Bukta Yenye Sponji na Haki ya Mwili

Barabara ya Dodoma kwenda Iringa inakatiza Wilaya ya Chamwino, inapita Fufu na kushuka hadi bwawa la Mtera. Wapanda baiskeli wa Tour d'Afrique, msafara ulioanza mwaka 2003 kutoka Cairo hadi Cape Town, wamewahi kuipita wakiwa na bukta za kubana zilizoshonewa sponji. Huipita pia mchuuzi wa mkaa na baiskeli yake ya Phoenix, siti ameivika gunia lililokunjwa na kukazwa kwa vipande vya tyubu.

Mpanda baiskeli aliyejitakia mateso ya safari ana haki gani ya kuyapunguza? Mtume Muhammad alipopata habari kwamba Abdullah bin Amr anafunga kila siku na kukesha akiswali, alimtaka apunguze, maana mwili nao una haki yake. Paulo naye aliwaambia Wakorintho kuwa mwili ni hekalu. Alikuwa akikemea zinaa, si kutetea starehe, lakini hoja inafika hata kwenye makalio.

Haki hiyo ina vipimo vyake. Sponji nene kupita kiasi hujikunja na kuminya nyama laini. Inatakiwa ikae sawasawa chini ya mifupa miwili inayobeba uzito, na nguo ishike mwili bila kukata mapaja. Ndani haivaliwi chupi: mishono iliyolowa jasho ndiyo inayochubua. Anayeijaribu bukta dukani ainame kana kwamba ameshika usukani, kwani bukta inayomkaa vizuri akiwa wima huweza kumsumbua barabarani. Ikishavaliwa siku moja, ifuliwe.

Na sitara je? Kampeni ya Operesheni Vijana nchini Tanzania, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969, ilipiga marufuku vimini na nguo za kubana, na wanazuoni wengi wa Kiislamu humtaka mwanamume ajistiri kuanzia kitovuni hadi magotini kwa nguo isiyochora umbo. Hili halihitaji mjadala mrefu. Avae kaptula pana juu ya ile ya sponji, yaishe.

Kigumu ni yule mchuuzi. Yeye hakuyachagua maumivu, na pengine ndiyo sababu hakuna anayeuliza kama anastahili nafuu. Mwanamichezo husifiwa kwa kuvumilia, yeye huonekana amezoea. Gunia lake huteleza kila anapokanyaga pedeli, na likikunjwa mara ya tatu huzidi kumminya. Angepunguziwa zaidi na siti pana yenye springi nzima, iliyopandishwa kulingana na urefu wa miguu yake.