Sikukuu changa yenye kuvalishwa nguo za mababu

Tukizungumza juu ya desturi, tunazoea kuuliza kwanza: ile desturi ina umri gani? Kama ni ya zamani, tunaona ni ya kweli. Tutazame mfano wa mbali, maana mfano wa mbali haukasirishi mtu.

Huko Ulaya na Marekani kuko jamaa ambazo, tarehe 22 ao 23 ya mwezi wa 9, mchana na usiku vinapolingana, zinakusanyika mezani. (Sisi wenye kukaa karibu na ikweta, mchana na usiku ni kama sawa mwaka mzima, ile siku inatupita bure.) Wanaweka pome, mkate, mishumaa, na kila mmoja anasema anashukuru juu ya nini. Sikukuu wanaiita Mabon. Watoto wanaambiwa: hii ni sikukuu ya mavuno ya mababu Waselti.

Kumbe lile jina lilitiwa karibu na mwaka wa 1974, na Mmarekani Aidan Kelly, alipokuwa anatengeneza kalenda ya dini mpya ya wapagani. Alilitwaa katika hadithi ya zamani ya Wales: Mabon, mtoto wa Modron, aliibwa kwa mama yake akiwa na siku tatu, akafungwa, mpaka watu wa Arthur walipomfungua. Ndani ya ile hadithi Mabon haiko mtu wa mavuno. Na maandiko ya kale ya Ireland yanataja sikukuu ine kubwa. Ya mavuno, Lughnasadh, inaangukia mwanzo wa mwezi wa 8.

Basi, wako na kosa? Wengine watasema: mtoto amekula, ameshukuru, shida iko wapi? Tusiwacheke haraka. Miaka ile ile ya 1970, Zaire ilituvalisha abakosti kwa jina la authenticité, na jina la nguo yenyewe lilitoka katika kifaransa: à bas le costume!

Kwetu sisi, kushukuru hakuna kosa hata kukianza jana. Kila desturi ilikuwa mpya siku moja. Kosa linaingia pale mzazi anataja mababu kusudi karamu ipate uzito. Yule mtoto atakua, atasoma. Siku atakapojua, hatatupa jina tu, atatupa na shukrani pamoja.

Tena kuko wengine wenye kukosewa. Watu wa Wales hawajaisha, na wengi wangali wanasema lugha yao. Katika karne ya 19, kuko shule ambamo mtoto aliyeisema alivalishwa kipande cha mbao shingoni. Sisi ambao tunajua habari ya le symbole, hatuhitaji maelezo. Kutwaa jina katika hadithi ya watu kama hao, bila kuuliza wao wenyewe walivuna namna gani, hiyo ndiyo inatusumbua kuliko suala la umri.

Na wangeuliza, wangepata. Wakulima wa Wales waliacha mashina ya mwisho ya ngano yakisimama, wakayafunga pamoja, wakayaita caseg fedi, farasi jike wa mavuno. Walisimama mbali na kurusha mundu kila mmoja kwa zamu, mpaka yakatike. Kisha mmoja aliyaficha ndani ya nguo na kujaribu kuyaingiza nyumbani yakiwa makavu, huku wanawake wakimmwangia maji. Akishinda, anaheshimiwa mezani. Akilowa, wanamcheka jioni nzima.