Theluji ya Nani?

Mtoto wa Bagamoyo ukimtajia barafu, anajua ile ya ubuyu. Wazungu wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, waliteleza kwa mbao kwenye theluji ya Kilimanjaro mwaka 1912. Tangu hapo zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya kileleni imetoweka. Mzazi mwenye visenti vyake anataka kuwahi na wanawe likizo hii. Hifadhi inamkatalia: chini ya miaka 10 hakuna kufika kileleni.

Hebu niambie, ndugu msomaji, huyo wa miaka 6 kadhulumiwa na sheria? Wapi! Hewa kule ni haba. Waliomdhulumu ni sisi tuliomtangulia. Ukavu wa hewa upo, sawa, lakini na joto tumelipandisha sisi watu. (Ingawa mpanda daladala na mwenye kiwanda hawalingani.)

Mimi ningemfikisha Moshi, alfajiri kabla ya mawingu, autazame mlima toka chini. Akiuliza mbona nyeupe ni kiduchu, nisimsingizie Mungu.