Kusitiri Aibu na Kilio cha Mtoto

Huulizwa mara nyingi: Ikiwa dini ya Islam inatuamuru kusitiri aibu za wenzetu, na inatukataza kupeleleza mambo ya nyumba zao, je, Mwislamu anayesikia mtoto wa jirani akipigwa na kuumizwa anyamaze?

La, hasha! Kusitiri kumeamriwa kwa ajili ya kosa la mtu baina yake na Mola wake, wala hakukuamriwa kumlinda mwenye kudhulumu. Mtume Muhammad s.a.w. aliwafundisha Masahaba kumsaidia ndugu yao, awe mdhalimu au mdhulumiwa. Walipostaajabu, aliwafahamisha kwamba kumzuia mdhalimu ndiko kumsaidia. Basi anayenyamaza amewakhini watu wawili pamoja: mtoto anayeumia, na mzazi anayejiangamiza.

Wengine hutoa hoja ya methali: Mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini methali hii inahusu malezi, haihusu majeraha. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alihesabu kuwapiga watoto kuwa aina ya shirki, kwani mpigaji mwenye hasira hutaka kujifanya mshirika wa Mungu katika kuongoza na kulea. Alitamani wazazi watumie juhudi hiyo katika kuwaombea.

Wala mtu asiseme kuwa dhuluma hii haitambulikani. Mwaka 1962 daktari C. Henry Kempe na wenzake huko Marekani walichapisha makala wakieleza jinsi watoto walivyoletwa hospitali na mifupa iliyovunjika, na huku maelezo ya wazazi hayalingani na majeraha. Picha za eksirei zilifichua mivunjiko mipya kando ya ile iliyokwisha anza kuunga.

Mtoto anayecheza huumia magoti na miundi. Lakini alama za kuvilia damu masikioni, shingoni au mgongoni, au popote kwa mtoto mchanga asiyetambaa bado, zataka kuulizwa. Vivyo hivyo alama zenye umbo la mkanda au waya; kuungua maji ya moto kulikoishia sawasawa mguuni kama soksi; kucheleweshwa kupelekwa hospitali; na maelezo yanayobadilika kila mara.

Hata hivyo, dalili moja si hukumu. Kurani Tukufu inatuamuru kuhakikisha habari, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Lakini kuhakikisha si kuahirisha. Mtoto akikusimulia, msikilize kwa upole, usimkatize wala usimwahidi kuficha siri. Kama ameumia, apelekwe hospitali upesi. Mzazi aliyeshindwa na hasira au dhiki aweza kunasihiwa na kusaidiwa. Lakini pale penye hatari, nasaha peke yake haitoshi. Katika Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwajibisha kila mwanajamii mwenye habari za mtoto kuvunjiwa haki zake kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Simu namba 116, katika Tanzania na Kenya, hupokea habari hizo bila malipo. Kazi yako ni kutoa habari kwa uaminifu. Kuchunguza na kuhukumu ni kazi ya wenye mamlaka.

Mtoto si mali ya mzazi, bali ni amana ya Mwenyezi Mungu mikononi mwake. Aonaye amana ikivunjwa akageuza uso, atajibu nini siku atakapoulizwa? Mwenyezi Mungu atujalie huruma nyumbani mwetu, na ushujaa mbele ya kilio cha mnyonge. Amin.