Mwalimu Atangulize Kudai au Kutoa?

Mwezi wa Januari ukifika shule hufunguliwa, nao waalimu huwapokea watoto wapya wa darasa la kwanza. Swali tutakalo kulitafakari mwezi huu laonekana dogo, walakini si dogo: katika siku zile za kwanza, mwalimu atangulize nini mbele ya mtoto? Je, amdai kwanza, yaani daftari, sare, ufagio, ukimya na kuitika upesi? Au ampe kwanza kitu asichokuwa nacho, ndipo amdai? Neno hili twawaandikia waalimu wa shule, na pia wainjilisti wafundishao watoto siku ya Jumapili, maana jambo lao ni moja.

Desturi iliyozoeleka ni kudai. Serikali iliondoa ada katika shule za msingi mwaka 2001, na tangu Januari 2016 elimu bila ada ikafika hata kidato cha nne. Hiyo ni baraka, nasi tumeiona kwa macho, maana madarasa yalijaa. Lakini mlango usiolipiwa ada waweza kuwa bado mlango wa kudaiwa. Mtoto wa miaka sita aingia, na neno la kwanza alisikialo kwa mtu mzima asiye wa nyumbani kwao ni: kiko wapi? Hana. Basi ajifunza siku ile ile kwamba shule ni mahali ambapo mtu huonekana kwa upungufu wake.

Martin Luther alisimulia katika utu uzima wake jinsi alivyopigwa mara 15 asubuhi moja, alipokuwa mtoto shuleni Mansfeld. Kosa lake nini? Alitakiwa kunyambua maneno ya Kilatini ambayo hakuwa amefundishwa bado. Angalieni sana jambo hili. Ukali tu haukuwa ubaya wote wa fimbo ile; ubaya wake mkubwa ni kwamba ilidai kisichotolewa. Ilitaka kuvuna shamba lisilopandwa. Tena mtu huyu alipowaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani mwaka 1524, akiwahimiza wajenge shule, alisisitiza kwamba watoto waweza kufundishwa kwa furaha, hata kwa mchezo, kwa kuwa shule za mateso alizozijua yeye zimepitwa na wakati. Je, zimepita na kwetu? Kanuni za nchi yetu za mwaka 2002 ziliweka viboko visizidi vinne, tena kwa idhini ya mwalimu mkuu. Kila msomaji aulize mwenyewe kama hesabu hiyo hushikwa huko aliko.

Mtu aweza kutujibu: Katekisimo Ndogo yenyewe, ya mwaka 1529, yaanza na Amri Kumi, wala haianzi na zawadi. Jibu hili lina nguvu, nasi hatulipuuzi. Lakini tuufungue ukurasa wa Kutoka zilikotolewa amri hizo. Waliopewa amri pale Sinai walikuwa wamekwisha kutolewa utumwani, bahari wameivuka, mana wameila. Mungu hakuwaambia Misri: shikeni haya kwanza, kisha nitawatoa. Vivyo hivyo sisi Waluteri humbatiza mtoto mchanga asiyejua hata jina lake, kisha twamfundisha. Ni ajabu, basi, kwamba watu wenye ubatizo wa namna hii, wakisimama mbele ya ubao, hutaka mtoto astahili kwanza.

Sasa mwalimu atasema: mimi nitoe nini? Mshahara wenyewe mwaujua, na darasa lina watoto wengi kuliko madawati. Twamjibu: una sauti, na una kitabu kimoja. Wasomee hadithi. Siku ya kwanza, kabla ya kuita majina mara ya pili, keti mahali waonapo uso wako, ukiinue kitabu, usome.

Wengine hudhani kusoma kwa sauti ni kazi ya wasiojua kusoma kimya. Historia yatuonyesha kinyume. Ezra alikisoma kitabu cha torati mbele ya watu wote tangu mapambazuko hata adhuhuri, na Walawi wakawafafanulia. Filipo alijua kwamba yule Mkushi alikuwa akisoma Isaya kwa sababu alimsikia. Hata Augustino alistaajabu alipomwona Askofu Ambrosio wa Milano akisoma bila kutoa sauti, kwani jambo hilo halikuwa la kawaida siku zile. Neno lilipita sikioni kwanza, ndipo likakaa jichoni.

Kwetu huku haja hii ni kubwa zaidi. Tunduma ni mlango wa nchi. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupita hapo, na reli ya TAZARA pia. Watu wa makabila mengi wamekutana kwa biashara. Mtoto wa mjini husikia Kinyamwanga, Kinyiha, Kindali, Kinyakyusa na Kibemba kabla hajapata miaka mitano. Kiswahili anakijua, lakini ni Kiswahili cha sokoni, cha bei na cha kuitana. Kiswahili cha kitabu, ambacho sentensi huanza mahali na kutembea polepole hata mwisho wake, hajakisikia kamwe. Na mtoto wa vijijini Ileje au Momba aweza kuwa hajasikia hata hicho cha sokoni. Kuvuka mpaka hakumsaidii: Kinyamwanga husemwa pande zote mbili, lakini hakimo katika lugha saba za wenyeji ambazo Zambia ilizichagua kwa shule zake, kama vile kwetu nacho si lugha ya darasani. Basi tukimpa mtoto huyu herufi kabla ya kumpa lugha, twampa funguo za nyumba asiyoijua. Atasoma ba, be, bi, bo, bu kwa sauti kuu, na asielewe neno.

Ipo hoja nyingine, nayo yatoka kwa waalimu wenye bidii: watoto wakizoea kusomewa watakuwa wavivu, nao mtihani hauwangoji. Twaona haya si kweli kwa mtoto wa darasa la kwanza. Mtu hatamani kupanda mlima asiouona. Lakini hoja hii ina ukweli wake kwa mwalimu asomaye hadithi kila siku ili apumzike, au ili kelele zikome. Huyo hatoi, anadai ukimya kwa njia ya upole. Kipawa hujulikana kwa hili, kwamba mpaji amejiandaa. Mwalimu na aisome hadithi nyumbani kwanza, ajue mahali pa kunyamaza. Na asimame kabla ya mwisho, awaulize watoto wadhanije. Tena amwulize yule wa nyuma. Hadithi moja isomwe mara tatu juma moja, kwani mara ya tatu watoto huanza kuisema pamoja naye, na hapo ndipo kudai kwa haki kunapoanza: wamepewa maneno, sasa waweza kuulizwa maneno.

Hadithi gani? Si lazima iwe ya Biblia kila siku. Luther huyo huyo, alipokaa katika ngome ya Coburg mwaka 1530, katikati ya shughuli nzito za kanisa, alianza kuzitengeneza hekaya za Esopo kwa Kijerumani, ili baba wa nyumba azitumie mezani pamoja na watoto na watumishi. Hakuimaliza kazi ile, lakini hakuiona kuwa duni. Nasi tunaye Sungura, ambaye upande wa pili wa mpaka huitwa Kalulu. Ila sisi watu wa kanisa tuna udhaifu mmoja: kila hadithi twaifunga onyo mkiani, hata watoto wakalijua onyo kabla ya hadithi. Mwacheni Sungura akimbie. Watoto watauliza wenyewe kama alitenda haki.

Vitabu ni haba, ndiyo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umesaidia kutoa vitabu vya Kiswahili vya watoto, lakini havijafika kila kijiji. Pasipo kitabu, mwalimu aweza kuiandika hadithi ya bibi wa mtoto mmojawapo kwa herufi kubwa juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, akaitundika ukutani. Na makabati ya ofisi za sharika zetu yafunguliwe kabla ya shule kufunguliwa, tuone ni vitabu vingapi vilivyofungiwa humo.