Dakika za Nyongeza



Tarehe 23 Machi 2019, pale Bujumbura, Burundi ilitoka sare 1-1 na Gabon, ikafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Sare iliwatosha, lakini iliwabidi kucheza mpaka filimbi ya mwisho.

Mchezaji akiumia kweli, refa husimamisha mchezo, kisha huongeza dakika zilizopotea. Anayejilaza kwa hila huonyeshwa kadi ya njano. Sisi tuliumizwa kweli, na Mungu, mwenye saa, anaihesabu miaka yetu ya kambini. Ila tusijilaze tukisema, "Nitaanza kuishi nikirudi nyumbani." Dakika za nyongeza nazo huchezwa. Msomeshe mtoto, msamehe jirani, leo (Waefeso 5:15-16). Amina.