Simu ya Jirani ni Amana

Katika miaka hii minara ya simu imesimamishwa mahali pengi ambapo zamani habari ilifika kwa miguu ya mtu tu. Kazi hiyo haikuanza jana. Katika mwezi wa Mei mwaka 2023, huko Dodoma, serikali ya Tanzania kwa njia ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilitia sahihi mikataba na makampuni ya simu ili kujenga minara 758, hasa vijijini. Kazi ya Mfuko huu ni kupeleka mawasiliano mahali ambapo makampuni hayaendi kwa hiari yao, kwa kuwa watu ni wachache na faida ni ndogo.

Sisi twafurahi kwa jambo hili, wala hatuoni sababu ya kulinung'unikia. Mgonjwa aweza kuitiwa gari usiku. Mtoto aliye mbali aweza kumsalimu mzazi wake kila juma. Tangu mwaka 2007 katika Kenya, na tangu mwaka 2008 katika Tanzania, fedha nazo zatumwa kwa simu, wala hazingoji tena basi wala rafiki asafiriye. Wataalamu wawili, Tavneet Suri na William Jack, walioichunguza Kenya kwa miaka mingi, waliandika mwaka 2016 kwamba kwa ajili ya huduma hiyo nyumba zipatazo 194,000 zilitoka katika ufukara. Katika nchi ya Niger mtaalamu Jenny Aker aliona kwamba simu zilipoingia, kati ya mwaka 2001 na 2006, bei za nafaka katika masoko yaliyo mbalimbali zilikaribiana, maana wafanya biashara waliweza kuulizia bei bila kusafiri. Faida hizi ni za kweli.

Hata hivyo, kusimamisha mnara si kumfikia mtu. Chama cha makampuni ya simu duniani, GSMA, kilifanya hesabu ya hali ilivyokuwa mwisho wa mwaka 2023. Katika kila watu 100 wa Afrika kusini mwa Sahara, watu 27 walitumia intaneti kwa simu. Watu 13 walikaa mahali ambapo mtandao huo haujafika. Na watu 60 walikaa mahali ulipofika, lakini hawakuutumia. Tutazame hesabu hii vizuri. Waliokosa mnara ni 13, lakini waliokaa karibu na mnara wasipate faida yake yote ni 60. Wengine wamezuiwa na bei ya chombo, wengine na kutojua kusoma, wengine na kutojua jinsi ya kukitumia. Wengi wao wana simu ndogo ya vitufe, nao wapiga na kupigiwa. Lakini likija neno la kuandikwa, au fedha, hawana budi kutafuta macho ya mtu mwingine.

Basi swali letu la leo ni hili: Ajuaye kuitumia simu ana wajibu gani kwa jirani yake asiyejua?

Hali hii si ngeni kwetu. Wazee wetu walituhadithia habari za siku ambazo katika kijiji kizima waliojua kusoma walikuwa wawili au watatu. Ikifika barua ya kijana aliyekwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, mama yake aliichukua akaenda kwa mwalimu, akasema, “Nisomee.” Kwa njia hiyo mwalimu alijua siri za nyumba nyingi: nani adaiwa, nani ameposa, nani ni mgonjwa. Kama alikuwa mtu mwema, alisoma yote yaliyoandikwa, asipunguze wala asiongeze. Kisha akaikunja barua, akanyamaza. Watu walimheshimu kwa ajili ya elimu yake, lakini walimheshimu zaidi kwa ajili ya kunyamaza kwake.

Leo msomaji wa namna hiyo yuko tena. Ni mjukuu, ni kijana wa jirani, ni wakala mwenye kibanda kando ya barabara, ni mwinjilisti wa mtaa. Lakini iko tofauti moja kubwa. Msomaji wa barua alipewa maneno tu. Sanduku la fedha lilibaki nyumbani kwa mama. Msomaji wa simu hupewa maneno, na sanduku, na ufunguo, vyote pamoja.

Tuseme yuko mama mjane katika kijiji kilichopata mnara karibuni. Mwanawe amtumia shilingi 50,000. Simu yalia, wala mama hajui kusoma. Amwita kijana wa jirani, ampa simu, amtajia na namba ya siri. Kijana aenda kwa wakala, arudi na shilingi 40,000, asema, “Mengine ni makato.” Makato ya kweli hayafiki shilingi 10,000, lakini mama atayajuaje? Yaelekea kijana huyu hajioni kuwa mwizi. Ajisemea moyoni kwamba amechukua ujira wa miguu yake. Basi ikiwa ni ujira, kwa nini hakuutaja? Kama angalisema, “Mama, nipe elfu moja kwa kazi hii,” mama angalimpa kwa furaha na kumshukuru. Ujira uliotajwa ni haki. Ujira uliofichwa ni wizi, hata ukiwa mdogo. Wahenga walisema, “Kikulacho ki nguoni mwako.”

Tena jambo hili laweza kukua kupita makato. Tangu Januari mwaka 2020, katika Tanzania laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Mzee asiyekuwa na namba ya kitambulisho cha taifa hakuweza kusajili kwa jina lake; akitaka simu, ilimpasa kutumia laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine. Machoni pa kampuni, mwenye laini ni mwenye kidole. Kwa hiyo wako wazee ambao akiba yao ya miaka imelindwa na uaminifu wa mjukuu tu, bila hati wala shahidi. Kijana aliyetoa kidole chake kwa ajili ya babu amefanya tendo jema. Lakini na akumbuke kwamba jina lake kuandikwa juu ya mali hakumfanyi kuwa mwenye mali. Ameshika amana.

Basi wajibu wa kwanza wa msomaji ni kutochukua. Wajibu wa pili ni kusoma yote. Jambo hili twalisahau upesi, maana huonekana kuwa dogo. Ujumbe umekuja wenye mistari minane, msomaji autazama, asema, “Ni matangazo tu, achana nao.” Huenda ni kweli, na huenda mmoja katika mistari hiyo ni wa mkopo. Katika Kenya, mwezi wa Novemba mwaka 2012, ulianza mkopo wa simu ambao ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30: aliyekopa shilingi 1,000 alipaswa kurudisha shilingi 1,075 mwezi ukiisha. Mtu aliyeelezwa hesabu hii aweza kukubali au kukataa. Mtu aliyeambiwa tu, “Bonyeza moja, utapata fedha,” hakukubali lolote. Kidole chake kimekubali, naye mwenyewe hakuwapo. Kumsomea mtu nusu ya neno ni kumchagulia, na aliyechaguliwa bila kuulizwa amenyang'anywa kitu, ingawa hakuna fedha iliyopotea.

Labda msomaji mmoja atasema: “Lakini makampuni yenyewe yatuonya kila siku, tusimpe mtu ye yote namba ya siri. Mama yule ndiye mwenye kosa.” Twajibu: Onyo hilo ni jema, nasi twalikubali kwa moyo wote, maana wadanganyifu ni wengi. Lakini limetungwa kwa ajili ya mtu awezaye kusoma. Mama huyu ana njia mbili tu: atoe siri yake, au fedha ya mwanawe ikae ndani ya simu bila kumfaa. Kumlaumu kwa kuchagua njia ya kwanza ni kumlaumu mwenye njaa kwa kuomba. Afadhali tumtafutie njia ya tatu.

Nayo iko. Namba ya siri ni tarakimu nne tu. Mama ambaye hajui herufi hata moja hujua fedha zake kwa macho, hupima unga sokoni, na hakosei hesabu ya kuku wake. Tena katika simu nyingi za vitufe, kitufe cha tano kina alama ndogo iliyoinuka, ambayo kidole chaweza kuisikia hata gizani. Kutoka hapo aweza kufundishwa: juu yake ni mbili, chini yake ni nane, upande huu ni nne, upande huu ni sita. Kwa saa moja, au kwa siku tatu za kurudia, aweza kuandika namba yake mwenyewe, huku msaidizi amegeuza uso. Msaidizi atasoma maneno. Ufunguo utabaki mkononi mwa mwenyewe. Hivyo mambo yatarudi kama yalivyokuwa katika siku za barua.

Hapa twafika kwenye wajibu wa tatu, ambao kwa maoni yetu ndio mgumu kuliko yote. Ni wajibu wa kumfundisha jirani hata asituhitaji tena. Twasema ni mgumu, kwa sababu mtu mwaminifu kabisa, asiyechukua hata senti, aweza kuukataa. Kuhitajiwa ni kutamu. Mtu ambaye nyumba kumi zamjia kila jioni na simu zao, husalimiwa kwanza katika mkutano, huletewa ndizi, na neno lake husikilizwa. Haibi kitu; lakini kila akiulizwa, “Umefanyaje hapo?” hujibu, “Wewe niachie mimi.” Miaka mitano yapita, na mama yu pale pale alipokuwa siku mnara uliposimamishwa. Je, huyu amemsaidia jirani yake, au amejifanya mtawala juu yake kwa upole?

Amana, kwa maana yake yenyewe, ni kitu cha kurudishwa kwa mwenyewe. Wasomaji wetu waliojifunza Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529, wajua kwamba amri ya saba haikufafanuliwa humo kuwa katazo la kuiba tu. Mtu aagizwa pia kuisaidia mali ya jirani istawi na kulindwa. Nasi twaona kwamba mali ya jirani haiwezi kulindwa vema siku zote na mkono usio wake.

Lakini wako wasemao, “Wazee hawafundishiki.” Niger yatupa jibu. Tangu mwaka 2009, katika vijiji 113 vya majimbo ya Dosso na Zinder, watu wazima walifundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu kwa lugha zao, Kihausa na Kizarma. Katika baadhi ya vijiji hivyo wanafunzi walifundishwa zaidi jinsi ya kutumia simu ndogo ya kawaida. Walipopimwa, wale waliofundishwa pamoja na simu walipata alama za juu kuliko wenzao waliofundishwa bila simu. Na si ajabu. Mtu mzima hujifunza upesi lile ambalo lina kazi katika maisha yake, na neno lililoandikwa na mwanawe lina kazi kuliko maneno yote ya ubaoni.

Tena wako wasemao neno la maana zaidi: “Kijiji ni kutegemeana. Kila mtu akijitosheleza kwa simu yake, nani atamwendea jirani?” Hatulidharau neno hili. Twajua kwamba mama alipokwenda kusomewa barua, aliketi, akapewa maji, akaulizwa habari za shamba, na msomaji akiona machozi yake aliweza kumfariji. Lakini kutegemeana ni kwa watu wawili, kila mmoja akiwa na cha kumpa mwenzake. Pale ambapo mmoja ana ufunguo siku zote na mwingine ana haja siku zote, si kutegemeana tena. Ajuaye kusoma ujumbe wake hatakosa sababu ya kumwendea jirani. Atakwenda kumwonyesha picha ya mjukuu, au kumpa habari ya msiba, naye atakwenda kama mgeni, wala si kama mwombaji.

Twakiri kwamba wako ambao hawatajifunza kamwe: aliyepofuka, mzee aliyechoka sana, mgonjwa. Kwao wajibu wa kwanza na wa pili wabaki mpaka mwisho. Kwa ajili yao twashauri desturi mbili tu. Fedha ya mtu wa namna hii isitolewe na mtu mmoja peke yake, bali wawili wawepo. Na kila kiasi kinachoingia na kutoka kiandikwe katika daftari ambalo ndugu yeyote aweza kuliomba. Msaidizi mwema asione daftari hilo kuwa tukano. Ndilo ngao yake, siku atakaposingiziwa.

Basi, ndugu waalimu na wainjilisti, nanyi nyote mjuao kusoma gazeti hili: mnara ukisimama katika kijiji chenu, furahini pamoja na watu. Kisha tazameni ni nani ajaye kwenu na simu mkononi. Msomeeni yote, mgeuzeni uso anapoandika siri yake, mkitaka ujira mtajeni. Na kila ajapo, mwachieni kitufe kimoja akibonyeze mwenyewe, mpaka siku ile atakayokuja bila simu, akitaka kuwasalimu tu.